Binti yangu anasoma habari redio ya taifa. Vita vikizuka, itakuwaje?

*"Habari yako, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Donholm. Kitinda mimba wangu ameanza kazi mwezi uliopita kwenye redio ya taifa, yuko dawati la habari na asubuhi nyingine anasoma taarifa ya alfajiri. Badala ya kufurahi, nimekosa usingizi. Mwaka wa 1982 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, tukikaa Jericho. Siwezi kuisahau ile Jumapili: redio ya baba mezani, watu wazima wananong'ona, na sauti tunayoijua inasema maneno ambayo hatujawahi kuyasikia. Baadaye tukaambiwa mtangazaji alitolewa kwake na wanajeshi wenye bunduki. Sasa kila nikiona habari za Sudan na Kongo nawaza: yakitufika sisi, si watamjia binti yangu kwanza? Na wasipomjia, si atalazimishwa kusoma uongo? Kaka yake anamcheka. Anasema redio ya taifa wakati wa vita ni tarumbeta ya serikali, na siku hizi watu wana WhatsApp. Ile redio ya marehemu baba yao iliyo juu ya kabati anaiita pambo. Nimwambie aache kazi?"*

Mama, karibu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalokunyima usingizi: hapana, mimi sioni sababu ya kumwambia aache. Lakini sitakutuliza kwa maneno matamu tu. Kuna sehemu ya hofu yako ambayo ni ya kweli kabisa, na kuna sehemu iliyochanganya mambo mawili, kwa hiyo tuyatenganishe kwanza.

Unachokikumbuka cha 1982 ni jaribio la mapinduzi. Hivyo si vita. Mapinduzi ni jambo la saa chache. Anayekimbilia redio hakimbilii kuzungumza na nyinyi mliokuwa Jericho. Anazungumza na makanda walio kambini ambao bado hawajaamua wasimame upande gani. Akisikika kwenye redio ya taifa akisema serikali imepinduliwa, wale wanaositasita wataona mambo yamekwisha. Tena wakati huo idhaa ya nchi ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, na aliyeshika jengo lile la Barabara ya Harry Thuku alikuwa ameshika masikio ya nchi nzima. Ndiyo maana wanahewa walioasi alfajiri ya tarehe 1 Agosti walikwenda huko mapema, na ndiyo maana askari watiifu chini ya Jenerali Mahmoud Mohamed nao walikwenda huko kulikomboa.

Mtangazaji unayemkumbuka ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025. Jiulize, Mama, kwa nini walimtaka yeye. Wale waasi walikuwa na watu wanaojua kusoma karatasi. Walichokosa ni sauti ambayo Mkenya akiisikia hageuki kuuliza "huyu ni nani?" Walikuja kuazima imani ambayo mtu mmoja alikuwa ameiweka akiba kwa miaka, kipindi baada ya kipindi, salamu baada ya salamu. Naomba ulishike hilo, maana karibu kila kitu nitakachosema kuhusu redio wakati wa vita kinarudi hapo.

Leo mtu akiteka jengo moja Nairobi hatapata alichokitafuta Ochuka, kiongozi wa waasi wale, na wenzake. Masafa yamejaa vituo, kila kabila na kila dini ina chake. Hata hivyo majengo ya redio hayajapoteza thamani. Huko Sudan, vita vilipozuka Aprili 2023, wapiganaji wa RSF, kikosi kilichokuwa kikipigana na jeshi la nchi, waliteka makao ya redio na televisheni ya taifa kule Omdurman, na jeshi likapigana hadi Machi 2024 kabla ya kuyarudisha. Miezi karibu 11 kwa ajili ya studio!

Sasa nije kwa kijana wako na WhatsApp yake. Nampa heshima yake, lakini amesahau kwamba simu ni chombo cha wakati wa amani. Ili ujumbe ukufikie panahitajika mnara ulio karibu, stima au jenereta ya kuuendesha huo mnara, dizeli ya jenereta, na mtu aliyeamua asiuzime. Vita hukata vyote hivyo. Redio inahitaji mtambo mmoja unaotangaza, hata kama uko mbali sana, na mawe mawili ya betri mkononi mwako. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kilima kikikaa kati unabaki na mlio tu. Ya masafa ya kati hutambaa na ardhi, na usiku hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali zaidi. Ya masafa mafupi huvuka mabara. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, siku chache baadaye mnara wa televisheni wa Kyiv ulipigwa kombora, na BBC ikafufua matangazo ya masafa mafupi kuelekea eneo hilo, saa nne kwa siku, katika karne hii ya simu za mkononi.

Kuna na jambo ambalo vijana hawalifikirii. Simu inajitangaza: mara kwa mara inauambia mnara "niko hapa". Redio inapokea tu. Mtu aliyejificha chumbani na redio ndogo hakuna mtambo wowote unaojua yuko wapi wala anasikiliza nini. Serikali ya Hitler ililijua hilo vizuri. Vita vilipoanza Septemba 1939 ilifanya kusikiliza stesheni za nje kuwa kosa la jinai, ikitaka kuziba masikio ya watu.

Lile la tarumbeta ni zito zaidi, na hapo mwanao ana nusu ya hoja. Hakuna redio ya taifa iliyowahi kuwa refa katika vita vya nchi yake. Hata ya kwetu. Wengi hawajui kwamba matangazo kwa Waafrika hapa Kenya yalizaliwa na vita. Redio ilikuwepo Nairobi tangu 1928, lakini ilikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza. Ni Vita vya Pili vya Dunia, vijana wetu wa Keya, jeshi la mkoloni, walipopelekwa Uhabeshi na Burma, ndivyo vilivyomfanya mkoloni aone haja ya kuzungumza na wazazi wao kwa lugha wanazozielewa, wajue yanayotokea huko. Idhaa maalumu ya Waafrika ikaanzishwa 1953, katikati ya hali ya hatari, Mau Mau wakiwa msituni. Hukuhitaji shahada kujua ilikuwa inamtumikia nani.

Kwa hiyo swali la kama redio ya taifa ina upande tuliache, maana inao. Nyerere alipotangaza Novemba 1978 kwamba Tanzania ina uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin, hakuna aliyetarajia Redio Tanzania isome na maoni ya Amin ili kuweka mizani. Mimi nauliza jambo jingine: je, ikiwa na upande wake, inasema kweli? Maana kuna kunyamaza, kuna kuchelewesha, na kuna kudanganya, na binti yako atakutana na yote matatu.

Kunyamaza kuna uhalali wake. Tangu 1939 hadi vita vilipoisha, BBC haikutangaza utabiri wa hali ya hewa, kwa sababu rubani wa Ujerumani angeutumia kuchagua usiku wa kuja kupiga mabomu. Hata mitambo yake ilipangwa upya irushe matangazo kwenye masafa yaleyale, ili ndege za adui zisiitumie kama taa za kuonyesha njia. Msikilizaji anayeambiwa "hili hatutalisema sasa" hajadanganywa. Vivyo hivyo redio yetu isiposema kikosi kipo wapi Somalia usiku wa leo, mimi sina ugomvi nayo.

Kuchelewesha ndiko kunakoharibu polepole. Tarehe 17 Juni 1940 meli ya Lancastria ilizamishwa karibu na Saint-Nazaire, Ufaransa, na maelfu wakafa. Churchill akaizuia habari, akihofia watu wangevunjika moyo. Waingereza waliipata wiki kadhaa baadaye, baada ya gazeti la New York kuichapisha. Usicheke, maana nasi tuna ya kwetu. Kambi yetu ya El Adde, huko Somalia, iliposhambuliwa Januari 2016, serikali haikutoa idadi ya askari waliokufa. Takwimu Wakenya walizozisikia, askari kati ya 180 na 200, zilitoka kwenye mdomo wa Rais wa Somalia mwezi uliofuata. Sisemi redio ndiyo iliyoamua hivyo. Uamuzi ulikuwa juu yake. Lakini wewe na mimi tulikuwa hapa, tunajua yaliyosambazwa kwenye simu katika ule ukimya: picha za vita vingine, majina ya uongo, wake za askari wakiitwa wajane na watu wasiowajua. Ukimya wa redio haubaki mtupu. Unajazwa na yeyote mwenye simu.

Halafu kuna kudanganya, na hapa nitakaa kidogo.

Tukitaja redio na damu, kila mtu anataja RTLM ya Rwanda, ile iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994. RTLM ilikuwa kituo cha binafsi, kilichoanza 1993. Ila mwaka mmoja kabla, tarehe 3 Machi 1992, ni Radio Rwanda, redio ya taifa, iliyosoma mara kadhaa kwa siku tangazo lililodai kwamba Watutsi walikuwa wamepanga kuwashambulia Wahutu katika eneo la Bugesera. Unajua tangazo lilisemekana limetoka wapi, Mama? Lilisemekana limetoka kwa kundi la haki za binadamu lenye makao hapa Nairobi. Lilikuwa la uongo. Watu wakachukua mapanga "kujilinda", na mamia ya Watutsi wakauawa Bugesera katika siku zilizofuata. Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya serikali wakati huo, aliondolewa kwenye kiti hicho, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini nasisitiza Bugesera kuliko RTLM. Ni kwa sababu RTLM watu walijua ni ya akina nani. Bugesera ilifanywa kwa sauti ileile iliyosoma bei ya kahawa na matokeo ya mitihani. Hakukuwa na matusi ndani yake; lilisomwa kama habari. Na dawa yake ilikuwa simu moja ya kwenda Nairobi kuuliza kama kundi hilo lipo na kama limetoa tangazo.

Mimi mwenyewe sina mikono misafi sana. Nikiwa mhariri wa zamu kijana, kituo sikitaji, nilipitisha habari kwamba basi limeshambuliwa kwenye barabara fulani. Lilikuwa limepasuka gurudumu likaanguka, na mtu wa kwanza kupiga simu aliona vioo vimetapakaa akafikiri ni risasi. Tulirekebisha saa iliyofuata. Jioni bado kulikuwa na vijana wa kijiji jirani wameziba barabara wakitafuta "washambuliaji". Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sijapitisha neno "shambulio" kwa chanzo kimoja.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni mzuri kuusimulia. Januari 1938 BBC ilianza kutangaza kwa Kiarabu, kujibu redio ya Waitaliano iliyokuwa ikiwapigia Waarabu propaganda kutoka Bari. Katika taarifa ya kwanza kabisa ilisoma kwamba Mwarabu mmoja amenyongwa Palestina kwa amri ya mamlaka ya Waingereza. Wakubwa wa mambo ya nje London walikasirika sana: mbona mnajichafua wenyewe siku ya kwanza? Lakini msikilizaji wa Yerusalemu au Kairo tayari alijua kuhusu kunyongwa kule. Kama redio ingeficha hilo, angeizima na asirudi. Mtu akikuambia lile linalomuumiza mwenyewe, la pili utalisikiliza.

Vilevile mwaka 1940, Uingereza ilipohofia kuvamiwa, wasomaji habari wa BBC walianza kutaja majina yao kabla ya kusoma, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya. Haikuwa majigambo. Walitaka wasikilizaji wazizoee sauti, ili siku adui akiweka mtu wake kwenye masafa, watu waseme: huyu siye. Oktoba mwaka huohuo bomu lilipasuka ndani ya jengo lao London likaua wafanyakazi saba, na Bruce Belfrage, aliyekuwa akisoma habari za saa tatu usiku, akaendelea kusoma.

Sisi tuna akiba yetu pia, tena ya kipekee. Kumbuka matangazo ya vifo. Miaka na miaka Wakenya wamepokea habari za misiba yao wenyewe kupitia redio ya taifa: marehemu alikuwa nani, ameacha nani, atazikwa lini. Ulisikia jina la ukoo wako, ukaanza kutafuta nauli. Hukuomba uthibitisho. Vita vikija, kazi kubwa ya binti yako haitakuwa hotuba za majenerali. Itakuwa mambo ya namna hiyohiyo: barabara gani imefungwa, maji yanapatikana wapi, mtoto wa miaka sita mwenye sweta ya kijani yuko kanisa gani akimsubiri mamaye. Tarumbeta haifai kwa kazi hiyo.

Je, sheria itamlinda asilazimishwe? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 34, inasema vyombo vya habari vinavyomilikiwa na serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee, na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Kifungu cha 33 kinaondoa propaganda ya vita na uchochezi katika ulinzi wa uhuru wa kujieleza. Ni maneno mazuri. Lakini sitakudanganya kwamba karatasi humsimamisha mtu mwenye bunduki studioni. Akija huyo, binti asome anachoambiwa na abaki hai. Mbotela alisoma, na hakuna Mkenya mwenye akili aliyemlaumu. Karatasi hiyo inafaa kwa shinikizo la kila siku: simu ya mkubwa fulani saa kumi na moja alfajiri akitaka neno libadilishwe. Hapo ana haki ya kusema "naomba kwa maandishi" na kumpigia mhariri wake. Utashangaa simu ngapi hukatwa zikisikia "kwa maandishi".

Hatari ya mwili nayo ipo. Sheria za vita zinamhesabu mwanahabari kuwa raia, asiyestahili kulengwa. Hata hivyo, usiku wa tarehe 23 Aprili 1999 ndege za NATO zilipiga jengo la redio na televisheni ya taifa mjini Belgrade, wakafa wafanyakazi 16. Wengi wao walikuwa mafundi na watu wa zamu ya usiku. NATO ilijitetea kwamba ni mtambo wa propaganda, na hadi leo wanasheria wanabishana. Sehemu inayokuhusu wewe zaidi ni iliyofuata: mkurugenzi wa kituo hicho alihukumiwa nchini mwake kifungo kwa kutowaondoa wafanyakazi jengoni.

Basi hayo ndiyo ya kumuuliza binti yako, kwa utulivu, siku akija Jumapili. Kukiwa na hatari, nani mwenye mamlaka ya kuamuru jengo liachwe, na amri inafikaje kwa mtu wa zamu ya usiku? Kuna studio nyingine mahali pengine? Gari la kuwachukua wa alfajiri linapita njia ileile kila siku? Nani anatia sahihi kwenye taarifa kabla haijasomwa? Asipokuwa na majibu, akamuulize mkuu wake, na hilo halimfanyi mwoga. Ukiona kituo kinakasirishwa na maswali kama hayo, hapo rudi kwangu na swali lako la kuacha kazi. Jibu langu linaweza kubadilika.

Kuhusu usingizi wako, mimi ni mtu wa redio, mipaka yangu naijua. Kukosa usingizi siku mbili tatu kwa ajili ya mtoto ni umama. Kama imefika wiki kadhaa, moyo unadunda ukisikia mlio wa taarifa ya habari, au ile Jumapili ya 1982 inakurudia usiku kana kwamba ni jana, nenda ukaonane na daktari au mshauri nasaha uso kwa uso. Pengine kuna jambo uliloliona Jericho ambalo hujawahi kumsimulia mtu. Msimulie huyo. Na kwa muda huu punguza kutazama video za vita kabla ya kulala. Sikiliza taarifa moja kwa siku, ikitosha zima.

La mwisho, hiyo redio juu ya kabati. Ishushe leo ufungue kifuniko cha nyuma. Kama mzee aliacha mawe ndani, huenda yameshavuja na kutafuna vyuma. Yatoe, ufute kutu kwa kitambaa chenye siki kidogo, uache ikauke siku nzima kabla ya kutia mapya. Halafu umwambie huyo kijana wako akutafutie stesheni ya dada yake, kesho alfajiri akiwa zamu.